Dirisha la Upande wa Bomba

Ushirombo, 8 Juni 1953

Mkwe wangu Thobias,

Nakusalimu wewe, na mjukuu wangu Paskalia namsalimu kwa jina lake. Mimi naamka, nalima, nalala. Miguu inauma kidogo lakini inanifikisha kanisani. Mzee Otmar yupo. Tangu tupate habari ya msiba amekuwa mtu wa kukaa uani akichonga mipini ya majembe, na majembe yenyewe hatuna.

Unajua hatukuwahi mazishi ya mwanangu Salvina. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Kahama. Sasa pamekauka, na nimeamua kuja Shinyanga. Nitakuja na Bartholomeo, kaka wa marehemu. Tutafika Ijumaa tarehe 3 Julai na kuondoka Jumatatu. Nataka kuuona mji aliokaa mwanangu. Kila alipokuja huku aliusimulia mpaka wenzake wakamwita Bibi Stesheni.

Sipendi kukuficha jambo. Nakuja pia kumchukua Paskalia. Mtoto wa miaka mitano hawezi kulelewa na mwanamume anayeshinda stesheni akimwagia injini maji. Kama una neno, liandike sasa. Tukishaonana hutaweza kulisema, wala mimi sitaweza kulisikia, maana mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Zamani Salvina alikaa katikati yetu akipokea maneno huku na kuyapeleka kule. Sasa tumebaki na karatasi.

Ni mimi mama mkwe wako,
Febronia

*

Shinyanga, 17 Juni 1953

Mama mkwe,

Shikamoo. Na baba mpelekee shikamoo yangu hapo anapochonga. Hapa hatujambo. Nakula, nalala, kazini nakwenda. Watu wakiniuliza habari nawajibu hivyo hivyo, na ni kweli.

Karibuni sana. Chumba changu ni kimoja. Utalala humo na Paskalia. Mimi na Bartholomeo tutalala kwa Athanas, mwenzangu wa kazini. Chakula atapika jirani, mama mmoja wa Kiislamu anaitwa Mwanaima. Alikuwa rafiki wa Salvina, waligombana kila wiki na kupatana kila wiki.

Mji nitawaonyesha. Nimefikiri namna ya kufanya. Mimi nitatangulia, nanyi mtafuata nyuma kwa mbali. Nikifika mahali pa kuona nitasimama na kutazama upande mwingine, nawe utapatazama mpaka utosheke. Kisha nitaendelea.

Ukipika chai, angalia kifuniko cha sufuria. Kishikio kilikatika siku nyingi, Salvina alichomeka gunzi la mahindi mahali pake. Gunzi bado lipo. Usishike bati lenyewe, linaunguza.

Kuhusu Paskalia, nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikingoja neno lije. Halikuja.

Mkweo,
Thobias

*

Ushirombo, 14 Julai 1953

Mkwe wangu Thobias,

Pokea salamu za watu waliofika salama. Lori tulilopanda Isaka liliharibika Kagongwa, tukalala barazani kwa mwenye duka mmoja ambaye hakututoza kitu. Paskalia hajambo. Hakulia njiani. Babu yake ameacha mipini, sasa anamchongea ng'ombe.

Nakushukuru kwa kututembeza. Kisogo chako nimekijua sasa kuliko uso wako. Una kovu nyuma ya sikio la kushoto, na ukichoka unainamisha bega moja. Ukinipita njiani sitakujua, lakini ukinitangulia nitakujua popote.

Mwanzo niliona ugumu. Bartholomeo ndiye tuliyemtegemea kupitisha maneno, lakini alipoona baiskeli zimepangwa mbele ya duka la yule Mhindi hatukumpata tena. Ndipo Paskalia alipoanza kukimbia kati yetu. Hakutumwa na mtu. Nadhani alimwona mama yake akifanya hivyo.

"Bibi, Baba anasema hapa ni posta."

"Mwambie nimeona."

Akaenda, akarudi. "Baba anasema mama alikuwa anakaa kwenye ngazi hii anakula karanga. Maganda anatia kwenye mkunjo wa kanga, karani asimgombeze."

Basi nikaitazama ngazi ile vizuri. Ningeipita hivi hivi.

Kule kwenye kiwanda cha pamba nako nilifurahi. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye miti na kwenye majani ya njiani, na Bartholomeo, ambaye alikuwa ameturudia, akapaza sauti: "Shemeji! Mji wenu umeota mvi kabla ya kuoa!"

Mabega yako yalitikisika. Sikujua kama ni kicheko.

Mtoto akaja: "Baba anasema mama alikuwa anaokota hizi, akajaza mto. Baba anasema ndio mto uliolalia jana."

Jana yake nilikuwa nimeona mto umejaa mabonge, nikausema moyoni. Usiku wa Jumamosi niliulalia kwa adabu.

Na Jumapili baada ya misa, kule makaburini. Ulisimama langoni, ukatupa mgongo. Nilikwenda na mtoto. Nilipofika sikujua la kufanya, maana nilikuwa nimejiandaa kulia na kilio hakikuja. Nikabaki nimesimama, nimeshika pochi. Paskalia akakimbia langoni, akarudi.

"Baba anasema mama hapendi jua la mchana, ndiyo maana amewekwa karibu na mti."

Nikakaa chini kivulini. Nilishukuru sana kwa neno hilo, mkwe wangu. Sikujua kama una maneno ya namna hiyo ndani yako. Asante, au wabeja, kama wasemavyo watu wa kwenu.

Mama mkwe wako,
Febronia

*

Shinyanga, 2 Agosti 1953

Mama mkwe,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba mlifika. Mimi mzima. Athanas ameniletea kuku, nimempa Mwanaima amfuge, maana wa kumla ni nani.

Nilichelewa kujibu kwa sababu kuna jambo sikujua niliseme vipi. Pale posta nilimwambia mtoto: "Mwambie bibi hapa ni posta." Basi. Ya karanga sikuyasema. Ni kweli tupu, Salvina alikaa pale akinisubiri nitoke kazini, na maganda aliyatia kwenye kanga. Lakini sikuyasema. Kiwandani nilisema, "Hapa wanachambua pamba." Ya mto sikuyasema. Na makaburini nilimwambia, "Mwambie bibi ni lile la pili kutoka kwenye mti." Hayo mengine aliyasema yeye.

Sikutaka upokee shukrani yangu ikiwa si yangu. Mimi nilikuwa natembea tu. Nilikuwa naona duka, naona posta, naona stesheni, nawaonyesha. Hapakuwa na Salvina mahali popote. Nilidhani kila kitu kimekwisha futika, kumbe mtoto alikuwa anavipita vyote pamoja nami na kumwona.

Na jambo jingine. Pale langoni, ulidhani nilibaki kwa ajili ya heshima yako. Sijafika kaburini tangu siku tuliyozika. Kila Jumapili nafika langoni na kurudi. Siku ile nilishukuru desturi, ilinipa sababu.

Huku upepo wa vumbi umeanza. Jioni nikifika nyumbani nakaa nje, maana ndani pananyamaza.

Mkweo,
Thobias

*

Ushirombo, 20 Agosti 1953

Thobias,

Salamu nakupa, ingawa barua hii si ya salamu. Sisi wakubwa hatujambo.

Ulipoandika kwamba maneno yale yalikuwa ya mtoto sikukasirika. Nilikuwa nimeanza kushuku. Maana huku pia aliendelea. Alinitembeza Ushirombo yangu mwenyewe niliyozaliwa. Anatangulia mbele, anasimama, ananipa mgongo kama ulivyofanya wewe, kisha anageuka na kunikimbilia. "Bibi, Baba anasema hiki ni kisima, kina chura mmoja mzee." "Bibi, Baba anasema kengele ya misheni imechoka." Babu yake alicheka mpaka akajikata na kisu. Hatukumkataza. Jirani yetu Mbuke ndiye aliyesema si vizuri mtoto kusema maneno ya mtu asiyekuwepo.

Wiki iliyopita Mbuke huyo alimwuliza kwa mzaha, "Wewe mtumishi wa baba yako, huyo baba mwenyewe yuko wapi?"

Mtoto akajibu: "Baba hanitaki."

"Nani kakwambia?"

"Siku ya treni nilimpungia mkono. Akanitazama? Hakunitazama. Akatazama tangi."

Tangu siku hiyo hasemi tena Baba anasema. Anakula nusu. Anakaa na babu yake uani, na mzee amerudia mipini.

Sasa nakuuliza. Mimi nilikuwa nimempakata dirishani, lakini nilikuwa nimeinamisha macho chini kwa ajili yako, kwa hiyo sikuona. Ni kweli uligeuka? Mwezi wa Juni nilikuuliza kama una neno juu ya mtoto huyu, ukaandika halikuja. Nilidhani ni majonzi. Kama ni kwamba humtaki, sema wazi, nijue namna ya kumlea mtoto asiyetakiwa. Analelewa tofauti.

Febronia

*

Shinyanga, 30 Agosti 1953

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo, nami najibu leo.

Ni kweli niligeuka.

Behewa lenu lilikuwa la kwanza nyuma ya injini. Lilisimama pale pale kwenye bomba langu. Nilikuwa juu ya ngazi, nimeshika mpira wa maji. Wewe ulikuwa dirishani, umempakata, kichwa chake kiko chini ya kidevu chako. Nilitaka kumwona. Lakini ningemwonaje yeye nisikuone wewe? Nilitafuta namna. Nilifikiri kuziba jicho, nikaona nitachekwa na kukuaibisha. Nikageuka nikatazama tangi. Nilisikia sauti yake inaita, nikajiambia mkiondoka tu nitageuka, nitamwona kwa nyuma. Filimbi ikalia. Nilipogeuka yalikuwa yanapita mabehewa ya mizigo.

Tangi la injini lilikuwa limekwisha jaa zamani. Walishafunga kifuniko, nami bado nimeshika mpira na maji yanatoka. Nililowa kuanzia kofia mpaka viatu. Mkuu wa stesheni alinigombeza mbele ya watu, akaniuliza kama najua thamani ya maji katika mji huu. Nilikuwa nasikia baridi. Mama, tangu tulipomzika Salvina mwezi wa Machi sikuwa nimesikia baridi wala joto. Siku ile nilitetemeka mpaka jioni, na Mwanaima akadhani ni homa.

Uliniuliza neno. Lilichelewa, ndilo hili: namtaka mtoto wangu. Sina la kuongeza juu yake. Mwanaima amesema atashinda naye nikiwa kazini, hata kabla sijamwomba. Alisema, "Mlete, Baba Paskalia, nyumba hii ya kuku mmoja imenichosha."

Leo baada ya misa nilipita langoni. Nilifika mpaka kwenye mti. Ni kweli kuna kivuli.

Thobias,
baba yake Paskalia

*

Ushirombo, 15 Septemba 1953

Baba Paskalia,

Salamu zako zote nimezipokea, pamoja na ile baridi.

Barua yako niliisoma kwanza peke yangu. Kisha nilimwita mtoto nikamsomea ile sehemu ya maji, polepole.

Akauliza, "Baba alilowa?"

"Alilowa."

"Mpaka kofia?"

"Mpaka viatu."

Nikamweleza kuhusu mimi na wewe, kwamba ni heshima, kwamba hata babu yake alikuwa akiingia porini akimwona mama yangu njiani. Nikamwambia, "Baba hakukukimbia wewe. Alinikimbia mimi, na wewe ulikuwa mapajani mwangu." Alifikiri. Akaniambia, "Bibi, ungenishusha."

Nimeishi miaka mingi na desturi hii, sikufikiria jambo dogo hivyo. Ningemshusha.

Mzee Otmar hakutaka mtoto aondoke. Tulibishana naye. Mwishowe alisema, "Basi apeleke ng'ombe wake," akaendelea kuchonga, maana ng'ombe hana pembe bado.

Tutakuja kwa treni ya kutoka Isaka, Jumamosi tarehe 26. Bartholomeo atatusindikiza. Anasema anakuja kunisaidia mzigo, lakini najua ni zile baiskeli. Tutapanda behewa la kwanza nyuma ya injini. Paskalia atakaa peke yake kwenye dirisha la upande wa bomba, na Bartholomeo atamshika gauni kwa nyuma asianguke. Mimi nitakaa dirisha la upande wa pili, nimewapa mgongo, nikitazama yale mawe makubwa ya mji wenu. Usitafute namna. Namna nimeitafuta mimi. Wewe mtazame mtoto mpaka utosheke.

Nitalala siku mbili, nami Jumatatu nitarudi. Jumapili, kama utaweza, tangulia wewe makaburini. Mimi nitasubiri langoni.

Jana jioni nilikuwa napika, nikataka kufunua sufuria. Sufuria yangu ina kishikio kizima, hakijakatika kamwe. Mtoto akaniwahi, akaweka mkono katikati.

"Bibi, Baba anasema usishike bila gunzi."

Nikaenda nikatafuta gunzi.

Mama yako,
Febronia