Gari Jekundu la Kariuki Lilikuwa la Clarence

Jumanne, mwishoni mwa Februari 2009. Theluji imeyeyuka nusu, njia zote ni tope, na chai yangu imepoa bila kuguswa.

Gari jekundu la Kariuki lilikuwa la Clarence. Amekiri mwenyewe leo asubuhi kwa simu, nilipomtajia jina lake lililo kwenye risiti ya fundi. Kariuki aliiokota jana chini ya kiti cha nyuma, akanipigia akicheka: "Kumbe kuna Clarence mwingine!"

Hakuna mwingine.

Clarence hukadiria thamani ya magari ya Kimarekani ya miaka ya sitini na sabini, yale ya milango miwili na injini kubwa yanayonunuliwa na wakusanyaji. Ni Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, na sarufi yake inanishinda mimi wa Nakuru. Mwaka juzi aliniambia bei za magari hayo hazitashuka. Nikaandika hivyo katika gazeti letu la wahamiaji hapa Marekani.

Kariuki, anayetunza wazee huko Germantown, alisoma, akanunua moja kwa wakala wa Fairfax. Mpango wake ulikuwa aliweke miaka miwili, aliuze, kisha arudi Nyahururu kwa mama yake, moja kwa moja. "Hii ndiyo tiketi yangu," aliniambia, akipiga boneti kofi kama anayemsifu ng'ombe. "Wewe ngoja uone."

Sasa hakuna mnunuzi anayepiga simu. Waliotamani magari haya ujanani wanastaafu, na wote wanayauza kwa wakati mmoja. Benki zimebana mikopo. Vijana hawayataki. Binti ya Kariuki humwomba amshushe kona moja kabla ya shule, maana gari linanguruma na linanuka petroli.

Clarence aliyaona haya yote kabla yangu.

"Ulijua bei zitashuka?" nilimuuliza.

"Nilihisi, ndugu yangu."

"Ndiyo maana ukauza lako?"

"Lilikuwa mali yangu."

"Na mimi ukaniambia hazitashuka."

"Hukuniuliza kama ninauza."

Ni kweli. Sikumuuliza.

Nimewauliza mameya na maaskofu wanamiliki nini, wengine wakanifukuza ofisini. Yeye nilimwacha kwa sababu aliniita ndugu na alikula ugali mezani kwangu. Hasira yangu kwake ni kubwa. Ila swali lile lilikuwa kazi yangu, si yake.

Masahihisho nimeshayaandika. Ni sentensi nne, zenye jina lake na langu. Mhariri anayachapisha Ijumaa. Kariuki lazima ayasikie kwangu kwanza.

Nilimpigia mchana. Kabla sijasema neno akanidaka: "Mkubwa! Alhamisi niko off. Kuja na huyo Clarence wako aangalie hii gari, aniambie kama ningoje ama niuze. Nitachoma nyama. Na umwambie nina risiti ya jina lake, atacheka!"

Nilisema nitakuja. Mengine sikuweza kuyasema kwa simu.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Germantown. Nitakwenda peke yangu, na ile karatasi ya sentensi nne mfukoni. Nitamsomea kabla hajawasha moto.