Nyaya za Chumba cha Nyuma

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila kifua changu bado kinanisumbua. Shemeji na watoto wanaendeleaje?

Ripoti ya mkaguzi itakufikia wiki hii, na najua wewe ndiye unayezisoma hapo shirikani kwenu. Ameandika kwamba nyaya za umeme za nyumba ya wazee hazijabadilishwa, ilhali fedha za serikali za kazi hiyo, zilizopitia kwenu, zimekwisha. Ni kweli. Za chakula zilichelewa miezi mitatu, nikawalisha wazee kwa zile za nyaya. Ningefanyaje? Ukifuata utaratibu mtatukatia ruzuku, na hawa kumi na mmoja hawana pa kwenda. Nipe hadi Juni.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako mzima, watoto wanatumalizia sufuria. Kanywe dawa, acha ubishi.

Umeniweka pabaya. Natakiwa nije nione kwa macho yangu kwamba kasoro imerekebishwa, ndipo nitie saini. Angekuwa mtu mwingine ningekuwa hapo kesho asubuhi. Lakini ni wewe, niliyekubeba mgongoni. Nimeandika kwamba nimekagua na kazi imekamilika. Faili limefungwa, hakuna atakayeuliza tena, na hilo ndilo linalonitisha. Badilisha hizo nyaya. Sikutanii.

Dada yako

21 Juni

Dada,

Shikamoo. Naandika kutoka mahabusu, askari mmoja amekubali kukufikishia.

Umeshasikia. Vyumba vya mbele nilikuwa nimevimaliza. Moto ulianzia chumba cha nyuma, mchana, wazee wamelala baada ya chakula. Walikuwamo wanne. Nilimtoa mmoja tu.

Wamenionyesha fomu yako. Nimewaambia ulikuja, ukaziona nyaya mpya, nami nikazing'oa baadaye nikaziuza. Ukiulizwa, sema hivyo hivyo. Una watoto.

Mdogo wako

23 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwili mzima, moyo umekufa ganzi. Kifua kinaendeleaje huko kwenye baridi?

Nimekwenda mwenyewe leo asubuhi. Nimewaambia hukuuza chochote, na kwamba mimi sikuja kabisa. Mpelelezi aliandika, kisha akaniuliza kutoka ofisini kwangu hadi kwako ni mwendo wa muda gani. Nikamwambia dakika arobaini kwa basi. Akaweka kalamu chini, akaniangalia.

Dada yako