Treni Haina Kosa, Mjomba

Mjomba Salim,

Porojo hukuzipenda, kwa hiyo naanza na habari. Yale matembezi yako ya Jumamosi kule Whitechapel, ya kuwaonyesha watalii mitaa ya mauaji ya kale, sasa nayaongoza mimi. Ndiyo, mimi niliyeacha shule kabla yenyewe haijaniacha. Na wageni wanacheka kuliko walivyocheka kwako, usinune.

Nawaeleza kama ulivyonifundisha. Enzi za Malkia Viktoria, mtu akishikwa kwa mauaji, polisi hawakuwa na kamera za barabarani. Walikuwa na miguu na maswali. Akisema, "Naitwa fulani, nililala nyumba ya kulala wageni mtaa wa pili," askari anakwenda hukohuko kwa msimamizi: huyu alilala kitanda gani, aliingia saa ngapi, nani alimfungulia? Akitoka hapo, kwa mwajiri. Akisema ni baharia, zinatazamwa karatasi zake za meli. Kisha dada yake analetwa kituoni amtazame usoni, aseme kama kweli ndiye. Msimamizi namwigiza kwa sauti ya yule mama mwenye nyumba wako wa Queensbury. Watu hawana mbavu.

Wewe hata nyumbani hukuacha upolisi huo wa hadithi zako. Siku niliyosema nilikuwa msikitini, ulikwenda kumuuliza imamu nilivaa viatu gani. Ukarudi umetulia: "Mpwa wangu, imamu anakusalimu. Anasema hajakuona tangu Idi."

Jumamosi iliyopita mama mmoja Mkenya akaniuliza, "Na hao polisi wasipokwenda kuuliza, je?"

"Basi anafungwa asiye na kosa," nikamjibu. Nikajisikia mwenyewe nilivyosema. Mzaha ukanikauka.

Mjomba, siku uliyofariki, zamu ya kukaa nawe hospitali ilikuwa yangu. Mama alikuwa kazini. Nilimwambia treni ilikwama, ndiyo maana nikafika umeshaondoka. Haikukwama. Nilikuwa kwa kinyozi pale Rayners Lane, kwa sababu jana yake uliniambia, "Usinirudie na hilo fagio kichwani." Nikataka niingie nimeng'aa, nikufunge mdomo. Walikuwepo watu watatu mbele yangu. Nikasema, ah, Mjomba ana muda.

Hakuna aliyekwenda kumuuliza kinyozi. Mama aliniamini palepale. Tangu siku hiyo hapandi treni. Anasema ndiyo iliyokunyima mkono wa kushika. Anakwenda kazini kwa mabasi mawili, kuwaogesha wazee wa watu, na miguu yake unaijua. Asubuhi namsikia akivaa koti, nami najifanya nimelala.

Wewe ungenikamata kabla chai haijapoa.

Jumapili Mama yupo nyumbani. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu huu unaosema sana. Akitaka hakika, kinyozi yupo, nitampeleka amuulize niliingia saa ngapi na nilitoka saa ngapi. Akinipiga, nitapigwa. Akininyamazia, hilo ndilo ninaloliogopa. Lakini Jumatatu nataka apande treni.

Kinyozi sijamrudia tangu siku ile. Fagio limeota upya, baya kuliko lile la kwanza. Nitakuja nalo kukuzuru kaburini kwako hivyohivyo, useme utakavyo.

Pumzika, Mjomba. Safari hii sichelewi.

Mpwa wako,
Hamidi