Kwa Riziki, juu ya mushumaa wa kule groto

Rafiki yangu Riziki,

Unisamehe. Miaka minne ni mingi kwa mutu kukosa kumwandikia rafiki yake hata mustari mumoja. Kila mara nilisema nitaandika watoto wakilala, na watoto wakilala mimi pia nalala na nguo za kazi. Sasa kuna wa tatu, Shukuru, hukumujua, ni mukorofi kuliko wako wote wawili. Lakini si uchovu peke yake ulionizuia. Nilikuwa na wivu na wewe. Basi, nimeandika, usicheke. Wivu, na mutu aliyekufa.

Kwanza habari. Ile nyumba yenu ya kule Mapendo ilipasuka kuta na matetemeko, mwenye nyumba akaiuza. Sisi tuko Ndosho. Baba Furaha ana atelie yake kando ya njia, anatengeneza mabenchi ya kanisa, na chukudu, yale mabaiskeli ya mbao, za wale wanaoshusha viazi. Waasi waliingia mujini, wewe hukuyaona hayo. Tulijificha chini ya kitanda, Furaha nikamufunika na mwili wangu, na risasi zilipoacha tukatoka nje tukakuta wakubwa wengine. Watu wa kambi ya wakimbizi ya Mugunga waliambiwa warudi kwao, wakapita hapa mbele na mahema yao kichwani. Ndivyo tuko.

Namna nilivyoingia nyumbani mwako, nadhani unaijua. Ulikufia Sake, tulipokimbia mulima wa moto uliopasuka, kuharisha siku mbili tu, na Amani alikuwa na miezi mitatu. Ni mimi niliyekufunga kitenge. Mwaka ulipopita, mama mukwe wako akaja kwetu, akakaa bila kuvua kitambaa cha kichwa, akasema: "Espe, wewe ni mama wa ubatizo wa Furaha. Batoto banakujua. Tutafute mugeni kwa nini?" Nikakubali kuolewa na Baba Furaha. Siwezi kukudanganya, mwanaume nilimupenda pia. Lakini nilianza na watoto.

Amani ananiita Mama, yeye hana mwingine anayemukumbuka. Furaha ananiita Tantine, kama shangazi tu. Hana dharau, hapana, ulimulea vizuri. "Tantine, kalamu yangu imeisha." "Tantine, Amani amekojoa." Nimemufua, nimemusuka, nimemukalia wakati wa malaria, na ni Tantine tu. Niliona ni wewe unayenishikia mulango kwa ndani.

Sasa vakansi hii ya shule, Baba Furaha akasema tupeleke watoto safari. Nikamuuliza, safari ya wapi na hali hii? Akasema: "Hawa batoto, kila safari yao ni kukimbia. Nataka waone safari moja ya kwenda na kurudi." Neno lile lilinigusa. Akapanga tutembelee makanisa ya zamani, wajue mahali babu zao walibatiziwa. Tuanze na kanisa kuu lile lava, moto wa mulima, ililifunika tungali watoto wewe na mimi, halafu tupande Masisi kwenye misioni ya mapadri wa kwanza, tulale kwa shangazi yake, twende na groto, lile pango la Bikira Maria. Njia imefunguka, kwa sababu wenye bunduki ni walewale huku na kule.

Nilikaanga, nilipanga, nilifua. Nilikuwa na furaha kama mutoto. Sikujua kama ninakwenda kukutembelea wewe.

Kwenye kanisa kuu watoto walipanda juu ya mawe meusi, Amani akauliza kama Yesu aliungua. Baba Furaha akacheka, kisha akasimama mahali fulani akasema: "Hapa mama yenu aliangusha kiatu, siku ya kwanza nilipomuona." Nikasema sawa, ni mara moja. Kule misioni, chini ya lile paa la mbao ambalo kila seremala angependa kuliangalia, hakuangalia mbao hata moja. "Hapa ndipo mama yenu alilia siku ya harusi. Hapa alikaa, benchi hii, alikuwa na mimba yako, Furaha." Furaha akaikalia, akaipapasa kama mutu anayepapasa ng'ombe wake. Kwa shangazi yake tukapewa fomaje, jibini ya huko, na viazi, na shangazi akaniangalia nikimunyonyesha Shukuru, akasema: "Na wewe ni mwema, lakini Riziki, eh! Riziki alijua kuongea na watu." Nilibeba mutoto mugongoni na bidon ya maji mukononi, nilipanda vilima vyote vile, na kila mahali nilipofika wewe ulikuwa umeshafika, umekaa, umependwa.

Wale wa huko groto wana desturi yao. Ukiwasha mushumaa kwa marehemu, humuachi peke yake. Unakaa naye mupaka nta iishe. Wamama wanakuja na viazi vyao vya kumenya, wanapiga habari, watoto wanacheza, mushumaa unaungua polepole. Baba Furaha alikuletea mukubwa, kutoka Goma, aliufunga ndani ya shati lake ili usivunjike. Furaha aliuwasha mwenyewe. Tukakaa. Na yule mwanaume, ambaye nyumbani nikimuuliza kitu ananijibu "mm", akaanza kusimulia. Namna ulivyoiga padri wa Kizungu. Namna ulivyomuuzia polisi muhindi mubichi. Watoto wakacheka mupaka wakaanguka kwenye majani. Mimi pia nilizijua habari zile, Riziki, nilikuwa ndani yake, polisi yule tulimukimbia wote wawili. Hakuna aliyenitaja.

Kisha wakateremka kuteka maji ya baraka, nikabaki nikichunga. Mushumaa wako ulikuwa haujafika nusu. Nililamba vidole viwili, nikauzima.

Sijui nikuelezee namna gani. Mukono ulienda. Waliporudi nikasema: "Ni upepo."

Nilifikiri watauwasha tena, basi. Lakini bibi muzee aliyekuwa akimenya viazi nyuma yetu, aliyekuwa amelala kidogo na kuamka, akatikisa kichwa, akamwambia Furaha, bila ubaya, kama mutu anayesema mvua itanyesha: "Pole, mutoto wangu. Ukizimika katikati, marehemu amekataa. Usiuwashe tena, ni kumusumbua." Baba Furaha akasema, "Mama, achana na hayo." Lakini Furaha alikuwa ameshasikia. Aliuchukua mushumaa, akaufunga kwenye kitambaa chake, hakulia.

Nyumbani alikula vijiko viwili akaacha. Hakuuliza tena habari yako. Ile picha yako aliyoibandika juu ya kitanda, akaiweka chini ya nguo. Na siku ya pili, nikiwa natwanga sombe, majani ya muhogo, akaja akasimama kando yangu akasema: "Mama, nikusaidie?"

Mama! Nilingoja neno lile miaka mitatu. Nikamupa mutwango, nikageuka nisafishe macho. Nilijua lilikotoka. Nilijua linatoka kwa mutoto anayefikiri mama yake amemukataa, anatafuta wa kumushika. Na nikanyamaza. Siku nne nzima, Riziki. "Mama, maji yamechemka." "Mama, Shukuru anakutafuta." Nililikula neno lile kama sukari ya kuiba, huku mukono wake unakonda ndani ya mukono wangu.

Siku ya tano, mchana, nilikuwa namusuka mbele ya mulango. Zamani alikuwa anapiga kelele nikivuta nywele. Siku ile nilivuta vibaya, akatulia. Akaniambia: "Haiumi, Mama." Ilikuwa inauma, niliona shingo yake. Anaogopa na mimi nimukatae. Hapo nikaacha kitana.

Nikamwambia yote. Nilimugeuza aniangalie. "Hakukuwa na upepo. Mama yako hakukataa kitu. Ni mimi nilizima mushumaa kwa vidole vyangu."

Akauliza: "Kwa nini?"

"Nilikuwa na wivu."

Akafikiri. "Lakini yeye amekufa."

"Ndiyo. Ni hivyo."

Alisimama na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, akaingia ndani. Nikasikia anahamisha nguo. Alikuwa anatoa picha yako. Jioni alikula maharagi, akamaliza, akasukuma sahani bila kuniangalia: "Tantine, ongeza."

Nikaongeza. Iliniumiza na ilinishibisha mimi, vyote pamoja. Baba Furaha nilimwambia pia. Aliweka nyundo chini, nikafikiri atanirudisha kwetu. Akasema tu: "Ungeniambia ninasema sana." Nikamwambia: "Sema. Lakini uniweke na mimi ndani, hata pembeni. Polisi alitukimbiza wote wawili." Hakujua! Alicheka, kisha hakucheka tena.

Hainijii kirahisi kukuomba musamaha, maana wivu wenyewe haujaisha, unashuka na kupanda kama homa. Ila ninakuahidi hivi. Njia ikibaki wazi, vakansi nyingine tunarudi groto, na mushumaa ni huohuo, Furaha ameutunza. Nitakaa nao mupaka tone la mwisho, mikono yangu chini ya mapaja kama inabidi. Kama kuna mutu atasimulia habari zako siku ile, ni mimi, na nitasimulia hata zile Baba Furaha hazijui.

Lala salama, rafiki yangu. Lakini usilale kabla hujanitumia vitu, maana ulikwenda haraka hukuniachia. Nitumie namna uliyokuwa unamusuka asilie. Nitumie mwisho wa ile hadithi ya fisi na mukwe wake, kila nikiumaliza Furaha anasema sivyo. Amani hana hata kitu kimoja chako anachokumbuka, mutafutie kimoja, kidogo, cha kwake peke yake. Mimi nitumie uvumilivu, mwingi, na usingizi wa mchana mumoja. Na Furaha umutumie ndoto, uje mwenyewe, umuambie kwamba hukukataa. Aliponisikia mimi aliamini nusu. Nenda kwake moja kwa moja, usipitie kwangu.

Espe