Ile ya Point Two-Two

Shangazi Ernestina mpendwa, nishike mkono kwa mambo mawili, la kwanza ni bunduki na la pili ni bibi yangu, maana yote yameniangukia kwa wiki moja na mpaka sasa siamini.

Mimi ni Mkenya, nafundisha chuo hapa Durban, naishi Morningside na bibi yangu Nyanchama na watoto wetu, na tangu mwaka jana rafiki yangu Billy amekuwa akinipeleka Jumamosi kwenye klabu ya kulenga shabaha huko nje ya mji, tunalala kwa tumbo tunapiga karatasi na makopo, hatuui hata njiwa, na nakuambia Shangazi sijawahi kupata kitu cha kunituliza kichwa kama hicho, kwa hivyo nikaamua kununua bunduki yangu mwenyewe, ile ndogo ya risasi nyembamba ambayo watu wa klabu wanaiita point two-two, na duka limeniwekea tatu nichague. Ya kwanza inajipakia yenyewe, unafyatua tu mpaka magazini iishe, ni nyeusi ya plastiki na ina darubini juu. Ya pili ni ya Kicheki, kitako chake cha mti, kila risasi unavuta komeo kwa mkono. Ya tatu ni ya zamani, imeshatumika, inakula risasi moja moja, na bei yake ni ya kuchekesha. Billy anasema ya kwanza, moyo wangu unasema ya pili, na mimi niko katikati.

Sasa sikia. Nilimpigia Billy simu ya nyumbani, hii bibi yangu akiwa jikoni, nikadhani hasikii, nikasema, "Billy, wacha nikwambie, hiyo ya Point two-two imenimaliza. Iko slim, nyepesi, haina kelele, nikiishika tu roho inatulia. Si kama hiyo kubwa. Hiyo nimechoka nayo, makelele mingi na inaniumiza bega. Hii nachukua, lakini usiambie mama watoto." Hiyo kubwa ni bunduki ya Billy ya kuwindia, ilikuwa imeniachia alama begani. Na bibi yangu, Shangazi, ni mama mwenye mwili.

Kumbe alikuwa amesikia yote. Kesho yake alivaa nguo ya kanisa, akapanda teksi mpaka mtaa unaoitwa Point, kwa zile flati za zamani karibu na bandari, akaanza kutafuta namba ishirini na mbili. Jengo la kwanza, namba hiyo ilikuwa stoo ya mafagio. Jengo la pili, mlango ukafunguliwa na Mkongomani mmoja anaitwa Odette, anasuka nywele saluni mjini, na kwa bahati mbaya hiyo mama ni mwembamba kama sindano. Nyanchama akamvua wigi na kupiga nduru mpaka ngazi nzima ikajaa watu. Odette analia, "Mama, mimi siko na bwana ya mtu! Niko na bwana yangu, Ildephonse! Unatafuta nani, mama?" Nyanchama anajibu, "Natafuta hiyo slim, hiyo haina kelele!"

Jioni Odette akaja kwangu na hiyo bwana yake, maana bibi yangu alikuwa ametangaza jina langu, kazi yangu na mahali tunaishi pale ngazini. Ildephonse hakukubali kuketi, akaniuliza polepole, "Monsieur, unamujua bibi yangu? Sema tu, nijue." Nikacheka, Shangazi, kwa vile nilifurahi kuona jambo ni dogo, nikasema, "Jamani, hiyo ya Point two-two si mwanamke, ni bunduki!" Nilidhani watacheka na mimi. Uso wa Ildephonse ulikauka. Akamshika mkewe mkono, "Odette, twende. Huku iko bunduki," na wakatoka karibu mbio, maana hao watu walikimbia vita kwao. Nyanchama naye akaketi chini kwenye zulia. Mwaka jana kwenye robot, yaani taa za barabarani, gari likiwa limesimama, kijana alimwekea bastola kichwani akaondoka na gari, na mimi hilo hata halikunijia. Akasema, "Afadhali ingekuwa mwanamke. Mwanamke ningemfukuza." Akachukua watoto, akaenda kwa rafiki yake Jebet.

Sasa nasikia Ildephonse amehama kwake, anasema mwanaume anayemficha mkewe bunduki hashindwi kuficha hawara, na Odette amebaki peke yake pale namba ishirini na mbili. Nimeshtuka mpaka silali, kwa sababu sijafanya kitu. Niambie nichague bunduki gani, na hii bibi yangu nimrudishe vipi? Duka linataka jibu Ijumaa.

Jairus, Morningside

*

Jairus, Yesu na Maria! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na chai yangu imepoa. Nimezoea kuandikiwa na waume waliofumaniwa na wanawake. Aliyefumaniwa na bunduki ndiyo kwanza nampata. Majina nimeyabadilisha, usiogope.

Nakuonea huruma, lakini kidogo. Hukutoka nje ya ndoa, nakuamini. Ila umeanza kwa kusema una mambo mawili, la kwanza bunduki na la pili mke, na kwa mpangilio huo hata mimi ningehamia kwa Jebet. Unasema hujafanya kitu. Ulisema "usiambie mama watoto", na bila maneno hayo Nyanchama angetoka jikoni akauliza Point ipi, mkacheka. Mficha uchi hazai. Mtu aliyewahi kuwekewa bastola kichwani, ulitaka siku moja afungue kabati akutane na mtutu? Mimi nimesoma hapo nikashika kichwa.

Tuanze na Odette, maana huyo amepigwa kofi la watu wengine. Mfuate Nyanchama leo, umwombe radhi. Kisha mwende Point wote wawili, mchana kweupe, mpande ngazi zile zile na mseme kwa sauti ile ile iliyotumika kutukana, majirani wafungue milango wasikie: huyu mama hatukumjua, hana kosa, sisi ndio tuliokosa. Kashfa ya ngazini haifutwi kwa simu. Ildephonse aombwe awepo, na aliyemvua Odette wigi amletee jipya. Wala usimsifie bunduki yako. Mtu aliyelala porini akikimbia milio hana haja ya kuambiwa kwamba yako haina kelele.

Bunduki nayo nitakujibu, kwa sababu umeuliza na kwa sababu baba yangu alikuwa bwana nyama, askari wa wanyamapori, kule Songea, nimekua nikimsaidia kusafisha zake. Ya kwanza achana nayo. Inayojipakia yenyewe humzoesha anayeanza kumwaga risasi, kulenga hajifunzi. Ya zamani usiidharau kwa uzee wala usiipende kwa bei: chungulia ndani ya mtutu kwenye mwanga, ukiona kutu au vishimo, irudishe. Ya Kicheki ndiyo bunduki, moyo wako haukukosea. Lakini iweke begani umefumba macho, halafu fumbua. Kama jicho halikuangukia sawasawa kwenye vilengeo, kitako hicho si cha mwili wako. Kisikilize kifyatulio, kinatakiwa kiachie mara moja kama kijiti kikavu kinapovunjika, kisiburute. Darubini isubiri. Na ujaribu risasi za viwanda tofauti, maana kila mtutu una chakula unachokipenda.

Hayo ni ya kuchagua. Kununua, hapana. Mwambie mwenye duka hivyo kabla ya Ijumaa, utumie bunduki ya klabu na uiache huko huko imefungiwa, na polisi uwaulize kwanza kama mgeni kama wewe anapewa leseni. Siku Nyanchama atakapokwenda klabuni kwa hiari yake, akakuona unavyopiga makopo, akakwambia mwenyewe ununue, nunua. Asiposema, makopo hayatalalamika.

La mwisho ni Kiswahili chako, na ndicho kilichonishtua kuliko wigi. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Mke mwenye mume anayetofautisha "hiyo" na "huyo" angejua palepale jikoni kwamba unasema kitu, si mtu. Lakini wewe umeniandikia "hii bibi yangu", "hiyo mama", "hiyo bwana yake". Kwako mtu na sufuria wana ngeli moja, Nyanchama angejuaje? Aliposikia "hiyo kubwa, nimechoka nayo", alijua ni yeye, kwa kuwa ndivyo anavyosikia akitajwa kila siku. Umenieleza yote, mpaka rangi ya plastiki, lakini hukunieleza kama ulimwambia kwamba hiyo kubwa haikuwa yeye. Naona hukumwambia. Basi, mama huyo amelala kwa Jebet siku zote hizi akiamini umemchoka.

Nenda. Mlango ukifunguliwa, usiseme umekuja kuchukua familia yako, wala usitaje bunduki. Mwoneshe Jebet mkeo kwa mkono na useme, kwa Kiswahili sanifu, Nyanchama asikie: "Nimemfuata huyu."