Maua Chini ya Godoro

Naima, mama mkwe kachoma sampuli zangu zote. Zote.

Yale maua ya jamii ya karoti niliyoyatoa kule juu Kilimanjaro, ya utafiti wa chuo. Nilikuwa nimeyabana kwenye magazeti, nikayalaza chini ya godoro yakauke yakiwa bapa.

Leo kaja hapa Kimara, kaanza kututandikia kitanda bila kuombwa. Akayaona.

"Kumbe hii ndio dawa uliyomwekea mwanangu."

Dawa, Naima. Kayachomea uani huku anasoma dua.

Na Twaha kasimama tu. Mume wangu niliyepanda naye mlima, aliyeyapanga kwenye magazeti kwa mikono yake.

Mama yake alivyoondoka akanifuata chumbani, akaniuliza taratibu, "Lakini mke wangu, yalikuwa maua tu kweli?"