Tundu la Hewa Jikoni kwa Shangazi

Xiaobei, Guangzhou, China

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama? Na Baba je, anakula vizuri? Sisi wazima. Nasra ameota jino na ananing'ata nikimnyonyesha, kisha anacheka.

Barua hii nimeiandika kwa mkono nikaipiga picha, nimemtumia mdogo wangu Zuhura akupe simu usome. Kwenye grupu la familia Shangazi yumo, na nikikupigia nitalia tu. Najua ameshakwambia kwamba nimemtukana na kumkimbia. Sasa nisikilize na mimi.

Unajua anawapikia wafanyabiashara wetu wa pale kwenye jengo la Tianxiu. Jiko lenyewe liko chini ya ardhi, Mama, na hukohuko ndiko tulikokuwa tunalala na kuoga. Kuta zinatoka jasho la mafuta, ukigusa kidole kinanata. Mende wanene, hawaogopi mtu. Majiko ni ya gesi, hita ya maji ya kuogea ya gesi, na hewa inaingia kwa tundu moja tu juu ukutani, linalotazama kichochoro.

Basi kichochoroni pakafunguliwa mgahawa wa nguruwe. Harufu yote ikawa inaingia humo tunduni mpaka kwenye biriani. Hata mimi nilitapika. Shangazi akachukua katoni na selotepu pana ya kufungia mizigo, akaliziba. "Afadhali joto kuliko haramu," akasema, na wateja wakamsifu.

Tangu hapo kichwa kikawa kinaniuma kutwa. Moto wa jiko ukaacha kuwa wa buluu, ukawa wa njano, unapaka sufuria masizi. Siku moja namwogesha Nasra, hita inanguruma, nikaona mtoto kalegea kama kitambaa kilicholowa. Nikapiga kelele.

"Jicho tu hilo," Shangazi akasema. "Lete chetezo tumfukize."

Mama, akawasha makaa na ubani humohumo! Moshi juu ya moshi. Nikamnyakua mwanangu na kanga yake, nikapanda ngazi mbio. Nje baridi ikampiga usoni, akavuta pumzi, akalia. Sijawahi kupenda kilio kama kile.

Baba Nasra akaja na fundi wa gesi. Fundi kuiona katoni tu, akafunga gesi, anapunga mkono: "Bu xing, bu xing!" Yaani haifai kabisa. Akaeleza kwamba moto wa gesi unakula hewa ileile tunayoivuta sisi, na ukiikosa unatoa sumu isiyo na harufu. Tundu libaki wazi, na hita iwekewe bomba la kutolea moshi nje. Nikaibandua katoni mwenyewe. Upande wa ndani nyeusi, inateleza, mafuta na masizi na miguu ya mende.

Fundi kuondoka tu, Shangazi akafungua gesi, akakata katoni nyingine.

"Shangazi, mtoto alikuwa anakufa!"

"Wateja wangu wanuse nguruwe kwa ajili ya hicho kitoto chako?"

Kitoto, Mama. Ndipo nikamwambia roho yake inanuka kuliko huo mgahawa. Neno hilo niombee radhi, nilikosa adabu. Ila kuondoka kwangu hapana, sitaomba radhi.

Tumepata chumba kidogo ghorofani, kina dirisha. Napika maandazi, watu wanayapenda, na naona tutafika pazuri. Nisalimie Baba, na mama mkwe wangu, na kaka yangu wa cherehani. Mwambie gauni alilomshonea Nasra limeshambana.

Lakini Mama, Shangazi bado analala kule chini. Tundu limezibwa, na baridi hii hita haizimwi. Nimemkinai, sitaki hata kumwona, ila simtakii kifo. Simu yangu hapokei. Wewe wifi yake ndiwe pekee anayekusikia. Ukimaliza kusoma, kabla hujainuka hapo ulipo, mpigie. Mwambie aibandue hiyo katoni.

Mwanao anayekupenda na kukutamani,
Mama Nasra